Nani Alimlisha Nunda? Namna ya Kusoma Mashujaa na Mazimwi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Moshi akiulizwa jagina ni mtu wa namna gani, jibu analo mdomoni: ana nguvu kupita watu wa kawaida, anapigania jamii yake, nguvu zake zina siri, na mwisho anasalitiwa. Akiulizwa kuhusu zimwi, napo hakwami: ni kubwa, linatisha, lina tamaa, linakula watu, na mwisho linashindwa. Majibu hayo ni sahihi na kwenye mtihani yanapata alama. Kinachokosekana ni sababu. Watu wa Lamu, Wajaluo wa nyanda za Kano na Wamandinka wa Mali hawakuwahi kuota moto mmoja, lakini kila jamii ilisimulia habari za mtu asiyeshindika vitani, kisha ikamuua kwa siri iliyotoka nyumbani kwake. Orodha ya sifa haielezi kwa nini.

Njia nzuri zaidi ni kuacha kwanza misuli ya shujaa na meno ya zimwi, ukauliza maswali mawili. La kwanza: zimwi hili limetoka wapi, na nani alilitunza mpaka likafikia hapo? La pili: shujaa huyu ameangushwa na nani, na huyo mtu alimfikiaje? Ngano na tenzi nyingi zinayajibu maswali haya waziwazi, tena kwa undani ambao msomaji anayekimbilia "mafunzo ya hadithi" huupita bila kuuona.

Tuanze na zimwi la pwani ambalo karibu kila msomaji wa Kiswahili amewahi kulisikia. Ngano ya Sultani Majinuni ilichapwa mwaka 1870 na mmisionari Edward Steere, katika mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Wengi wanaijua kwa jina la Nunda mla watu, na wanachokumbuka ni mwisho wake: kijana mdogo kuliko ndugu zake wote ameua dude lililoutia mji hofu. Mwanzo wake ndio wenye mambo.

Nunda alikuwa paka. Hakutoka porini wala hakushuka na radi. Alikuwa paka wa Sultani mwenyewe, analala ndani na kila mtu anamjua. Alianza na ndama. Watu wakaenda kumwambia Sultani kwamba paka ameua ndama, naye akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Ikafuata zamu ya mbuzi, kisha ng'ombe, kisha wanyama wakubwa zaidi, na kila walioleta habari waliambiwa wamwache paka wa watu. Akaja kuliwa mtoto. Akaliwa mtu mzima. Bado Sultani hakutaka kusikia. Ilipofika siku paka aliyekwisha kuhamia kichakani akawatokea wanawe watatu na kuwaua, ndipo baba akasema kwamba huyu si paka tena, huyu ni Nunda.

Tazama hoja ya Sultani kwa makini, maana haina kasoro mwanzoni. Mali yake imekula mali yake. Jirani hajapata hasara, na hakuna wa kudai fidia. Hoja inaanza kuoza pale aliyeliwa si mali ya mtu, lakini kufikia hapo paka ameshakuwa mkubwa kuliko yeyote anayeweza kumfunga. Mtambaji amepanga vifo hivi kwa ngazi, na kila ngazi ina watu walioona, waliosema, na mmoja aliyekataa kusikia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ngano inakwenda mbele zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba kabla ya Sultani kulia, walikuwa wameshalia watu ambao mwana hakuwa wao.

Sehemu ya pili ya ngano ni ya shujaa, nayo ina mpangilio unaochosha watoto wasiojua kinachoendelea. Kitindamimba anatoka kwenda kumtafuta Nunda. Anaua mbwa, anamleta kwa mama yake kwa wimbo, anauliza kama ndiye. Mama anasema siye. Anarudi na fungo, halafu ngawa, punda milia, twiga, kifaru, mpaka ndovu, na kila mara mama anasema siye na kumsihi aache. Kwa nini mtambaji asifupishe? Kwa sababu hapo ndipo ilipo akili ya ngano hii. Kijana anatafuta kitu kikubwa, na kila akishindwa anatafuta kikubwa zaidi. Lakini alama za Nunda alizokwisha kupewa zinasema mambo mengine: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka kama ya ngawa, mkia mnene. Hizo ni alama za paka. Ndovu aliyeletwa alikuwa mzito kuliko wote na hakuwa na hatia yoyote.

Hatimaye anamkuta Nunda amelala, ameshiba. Hapo kijana hafyatui upesi. Analinganisha alama moja baada ya nyingine kwanza, ndipo bunduki zinalia. Ushujaa wake ni wa macho na subira. Hata mwanzoni mwa ngano alijitofautisha na kaka zake kwa jambo hilohilo: wao walipolala wakilinda mtende wa baba, yeye alitafuna bisi, na usingizi ulipomzidi akatafuna mchanga ili abaki macho. Jamii iliyotunga ngano hii haikuamini kwamba zimwi linashindwa na mwenye nguvu nyingi. Iliamini linashindwa na asiyesinzia, anayejua sura ya anachokitafuta.

Swali hilo la malezi ukilipeleka mbali na Afrika Mashariki linafanya kazi vilevile. Utenzi wa Kiingereza cha kale unaoitwa Beowulf, wenye mistari 3,182 na ambao hati yake pekee iliyosalia ni ya takriban mwaka 1000, una mazimwi matatu, na yote yana sababu. Grendel ni wa ukoo wa Kaini, yule aliyemuua nduguye, na kinachomuudhi ni sauti ya kinubi na furaha kutoka kwenye ukumbi asiokaribishwa. Mama yake anakuja kulipiza kisasi cha mwanawe, jambo ambalo watu waliokaa ukumbini mle nao walilihesabu kuwa haki yao. Joka la mwisho lilikuwa limelala juu ya hazina yake kwa karne tatu, likaamka kwa sababu mtu aliiba kikombe. Kaini, kinubi, kisasi, kikombe: hakuna zimwi hapo lisiloanzia kwenye jambo ambalo binadamu anafanya kila siku.

Riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka mwaka 1818, ni ya kikatili zaidi katika hili. Victor Frankenstein anaunda kiumbe, kiumbe kinafumbua macho, na usiku huohuo muumba anakimbia kwa sababu hapendi sura yake. Kiumbe hakipewi jina. Kinajifunza kusema kwa kuchungulia familia moja kupitia ufa wa ukuta, na siku kinapojitokeza kwa heshima kinapigwa. Mauaji yanakuja baada ya hapo. Wasomaji wengi huliita zimwi lenyewe Frankenstein, na kosa hilo lina mantiki yake, maana mtoto asiyepewa jina huishia kuitwa kwa jina la baba. Shelley hakuandika kwamba ubaya wa kiumbe unasameheka. Kiumbe kimeua mtoto mdogo na riwaya haifichi. Alichofanya ni kuorodhesha milango yote iliyofungwa usoni pake kabla ya kifo hicho.

Kiswahili kina kitabu chake kinachokwenda sambamba na haya, nacho ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Adili, liwali mwadilifu anayesifiwa kila mahali, ana siri: kila usiku anawapiga manyani wawili mijeledi, kisha anawakumbatia na kulia. Manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu walitaka kumwangamiza kwa husuda, na amri ya kuwapiga imetoka kwa majini. Shaaban angeweza kuwaua wale ndugu katika sura moja na mambo yakaisha. Badala yake aliweka mjeledi mkononi mwa mtu mwema na kumwamuru autumie kila usiku, mpaka hadithi inapopata mtu wa kuwaombea msamaha na wakarudi kuwa watu. Kuna ngano ya Kichagga inayofuata njia hiyohiyo. Ndani yake irimu, yaani zimwi, ni mtu aliyevunja mwiko, akaota miiba mwilini na kutangatanga akimeza kila kinachomkabili. Ndugu yake anapata ushauri wa mganga, anaichoma ile miiba, na mtu anarudi. Ngano za kuua zimwi ni nyingi, za kulirudisha ni chache, na hizi chache ndizo zinazostahili muda mwingi zaidi darasani.

Sasa upande wa shujaa.

Fumo Liyongo ni jagina wa Waswahili wa Pate, Ozi na Lamu, na utenzi wake unaosomwa zaidi ni ule wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913. Mfalme wa Pate anamhofia na kutaka kumuua, na kila hila ya nje inashindwa. Wanampangia zamu ya kukwea mkoma kuangua makoma ili wampige mishale akiwa juu. Yeye anayaangusha kwa mishale akiwa chini. Wanamfunga gerezani, mama yake anamtuma kijakazi Saada na mikate, mizuri kwa ajili ya askari na mmoja wa wishwa, yaani makapi, wenye tupa ndani. Askari wanajilia mizuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa kwa dharau, naye anakata pingu wakati ngoma ya gungu inavuma nje. Utenzi unaeleza kwa furaha jinsi tamaa na kiburi cha walinzi kilivyofungua mlango ambao nguvu zisingeufungua.

Kisha mfalme anabadili njia. Anamwita mtoto wa Liyongo, anamuahidi uwaziri na kumwoza binti yake, na kumtuma kwenda kumuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anajibu: sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuupachika mshale, na kufa hivyo. Mji mzima unakaa siku kadhaa bila maji kwa kumwogopa maiti, hadi mama yake anapoletwa kumbembeleza, na mwili unapoanguka ndipo watu wanajua.

Msomaji mwepesi huhitimisha kwamba Liyongo alikosea kusema siri. Haya, tumpe busara hiyo: asimwambie mtoto wake, asimwambie mama, alale peke yake mlango umefungwa, asile chakula cha mtu. Mtu huyo hatakufa kwa sindano, lakini ni mtu gani tena? Yule mfalme wa Pate ndiye anayeishi hivyo. Utenzi umewaweka wanaume wawili mbele yetu, mmoja anayemwamini mwanawe na akafa, mwingine asiyemwamini yeyote na akabaki na kiti chake, na haukutuacha na shaka yoyote kuhusu nani aliimbwa.

Muundo huu unarudi mahali pengi. Lwanda Magere wa Wajaluo ana mwili mgumu kama jiwe. Maadui wanamwoza binti yao, naye akiugua anamwonyesha mkewe kwamba dawa hupakwa kivulini, si mwilini. Vita inayofuata mkuki unachomwa kwenye kivuli. Samsoni na Delila kila mkristo anawajua. Katika masimulizi ya Sundiata wa Mali, aliyeshinda vita ya Kirina mnamo mwaka 1235, siri ni ya adui: mfalme Sumanguru hapenyeki kwa chuma, mpaka dada yake Sundiata aliyeozwa kwake anapojua kwamba mshale wenye kucha ya jogoo mweupe utammaliza. Mfano huu ni wa thamani kwa sababu anayefichuliwa ni yule katili, na mlango ni uleule. Zimwi nalo lilikuwa na mtu ambaye lililala karibu naye na kumweleza jambo. Hapo ndipo wahusika hawa wawili wanapokutana: kila mmoja ana mahali pake palipo laini, na mahali hapo panajulikana tu na aliyeruhusiwa kukaribia.

Kuna tahadhari hapa kwa waliosoma saikolojia. Carl Jung alitumia "kivuli" kutaja sehemu ya nafsi ambayo mtu anaikana, na ni rahisi sana kumvika Lwanda Magere joho hilo. Lisimvikwe upesi. Katika ngano ya Wajaluo kivuli si uovu wake uliofichwa. Ni uhai wake, na anautibu kwa dawa kama unavyotibu mguu. Wazo la Jung linafaa zaidi kwa Adili na wale manyani.

Mlimani hapa Kilimanjaro kuna ngano inayojibu maswali yote mawili kwa pamoja, nayo ni ya Murile. Murile, kifungua mimba, anakwenda na mama yake kuchimba magimbi. Anaona mbegu moja ya gimbi na kusema ni nzuri kama mdogo wake. Mama anashangaa: gimbi litafananaje na mtoto? Murile analificha kwenye pango la mti, na kesho yake limekuwa mtoto. Anaanza kumpelekea chakula chake mwenyewe kila siku. Yeye anakonda, mama anaona anakonda, wadogo zake wanamfuatilia na kumweleza mama. Mama anakwenda mtini, anamkuta mtoto, anamuua.

Simama hapo kidogo ulinganishe na Nunda. Sultani aliona kila kitu na kukataa kutenda. Mama wa Murile alitenda upesi bila kuuliza swali hata moja. Kiumbe cha mtini hakikuwa kimemdhuru mtu. Kilichokuwa kinamla Murile ni ukarimu wake. Tukitumia jedwali la "zimwi hula watu" tutamwita mtoto yule zimwi, na tutakuwa tumekosea kama alivyokosea mama.

Murile analia, akiulizwa anasema ni moshi. Wanamwambia achukue kigoda cha baba akakae uani. Anakaa, anaimba, kigoda kinapaa naye mpaka mbinguni. Huko anafika kwa watu wa Mwezi wanaokula vyakula vibichi, anawafundisha moto, wanampa ng'ombe. Anaporudi amechoka, fahali mmoja anakubali kumbeba kwa sharti kwamba Murile asile nyama yake kamwe. Nyumbani anawaeleza wazazi sharti hilo. Fahali anazeeka, baba anamchinja. Murile anakataa kula. Mama anaficha mafuta ya yule fahali na kumpikia nayo. Murile anaonja na kuanza kuzama ardhini, huku akimwambia mama kwamba alimkataza.

Shujaa huyu aliyeleta moto kwa watu wa Mwezi hakuangushwa na adui hata mmoja. Aliangushwa na chakula cha nyumbani, kilichopikwa na mtu ambaye pengine alidhani anamtunza. Mama hajalipwa na mfalme kama mtoto wa Liyongo. Hana hila ya ndoa. Ana uhakika tu kwamba anajua kinachomfaa mwanawe kuliko mwana anavyojua. Kati ya usaliti wote uliotajwa humu, huu ndio tunaouona mgumu zaidi kuulaani na rahisi zaidi kuutenda.

Maswali haya mawili yanahitaji la tatu pale hadithi inapoingia kwenye historia: nani anasimulia? Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alishinda kikosi cha Wajerumani mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro, Meru na Arusha kwa tuhuma za kupanga uasi. Kwa mtawala wa wakati ule alikuwa mwasi wa kuondolewa. Kwa wazawa wa hapa ni shujaa, na kichwa chake, kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani, kimetafutwa na ukoo wake kwa miaka mingi. Mwili ni mmoja na siku ni moja. Aliyeshika kalamu ndiye aliyetofautiana. Hata Homeri, mtunzi wa Kigiriki wa kale, aliliona jambo hili. Jitu Polifemo lilikula watu wa Odiseo, kweli, lakini Odiseo ndiye aliyeingia pangoni bila hodi na kula jibini la mwenyewe. Jitu likiwa limeshapofushwa linamshika kondoo wake mpendwa mgongoni na kumuuliza kwa upole kwa nini leo anatoka wa mwisho, ilhali kila siku hutangulia. Mtunzi asingehitaji kuweka maneno hayo kama alitaka tulichukie tu.

Na pale zimwi linapotoka kitabuni likapewa mwili wa jirani, mambo huwa mabaya kabisa. Enzi ya ukoloni ulienea uvumi wa mumiani, watu waliodaiwa kunyonya damu kwa ajili ya dawa, na mara nyingi walitajwa watu wenye sare: wazimamoto, askari, wahudumu wa afya. Uvumi haukuwa kweli, lakini haukuokota sura zake ovyo. Ulichagua watu waliokuwa na mamlaka ya kumchukua mtu bila kumweleza. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, hofu ya Popobawa, kiumbe kilichodaiwa kuwavamia watu usiku, iliwafanya watu wakeshe nje Pemba na Unguja, na mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Kanda ya Ziwa bibi vizee wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jikoni wa maisha mazima. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani za namna hiyo. Mwalimu anayefundisha mazimwi bila kufika hapa amefundisha nusu. Yule kitindamimba alilinganisha alama zote kabla ya kufyatua. Umati haulinganishi, unashika alama moja na kuua.

Kwa wanaotaka kulifanya hili kwa mikono yao, iwe mwanafunzi wa Machame mwenye bibi anayekumbuka ngano za irimu au mwalimu wa Arusha mwenye darasa la makabila kumi, kazi inakwenda hivi. Omba ruhusa ya kurekodi kabla ya kusimuliwa, si baada. Acha msimulizi atumie lugha yake kwanza, Kichagga, Kimeru au Kimaasai, halafu mtafsiri pamoja. Ukimlazimisha Kiswahili tangu mwanzo, nyimbo ndizo zinazopotea, na katika ngano nyingi wimbo ndio wakati pekee tunaposikia sauti ya zimwi lenyewe au ya anayeliwa. Usimuulize "mafunzo yake ni nini" kabla hajamaliza, kwani ukiuliza hivyo utapewa jibu la shuleni na hadithi itafungwa. Omba isimuliwe tena siku nyingine. Kinachobaki vilevile mara zote mbili ndio mfupa wa ngano. Kinachobadilika ni hadhira. Na kama ulisimuliwa mbele ya watoto, uliza kwa adabu kama kuna namna inayosimuliwa wakubwa, maana toleo la watoto mara nyingi limeondolewa yule mzazi aliyekosea.

Kisha chora jedwali la safu nne: kilichotokea, nani aliona, nani alisema, nani alikataa kusikia. Kwa Nunda jedwali linajaa lenyewe. Kwa Murile ongeza safu ya "nani aliuliza" kabla ya kuua: inabaki tupu, na utupu huo ndio hoja yako.

Makosa yanayojirudia ni machache. Lipo la kusema moja kwa moja kwamba zimwi ni ukoloni, au rushwa, au ubepari. Jaribu kuliweka neno hilo mahali pa zimwi katika kila tukio. Likikwama kwenye tukio la tatu, liache. Ukoloni haukuanza kama paka wa Sultani, lakini rushwa ya ofisini inaweza, na hiyo ni tofauti ya kufanyia kazi. Lipo la kuchanganya matoleo: kuna masimulizi ambamo anayemuua Liyongo ni mpwa wake, si mwanawe, na mahali ambapo mpwa ndiye mrithi usaliti huo una uzito mwingine. Andika unatumia lipi. Lipo pia la kukopa kanuni ya safari ya shujaa, ya kuondoka, kujaribiwa na kurudi na zawadi, iliyosambazwa na Joseph Campbell tangu mwaka 1949, na kuibandika kila mahali. Kwa Liyongo inakatika katikati, na kwa Murile kurudi nyumbani ndiko kunakomwangamiza.

Na ukifika kuandika jibu la mtihani, anza na tukio, sifa ifuate. Badala ya "Liyongo ni jagina kwa sababu alisalitiwa," andika kwamba askari walidharau mkate wa wishwa na hivyo wakashindwa kumzuia, ilhali mwanawe aliaminiwa na hivyo akaweza kumuua. Kisha eleza utenzi unasema nini kuhusu ukaribu ambao adui hakuweza kuupata kwa silaha. Ni mistari minne tu, na mtahini atajua papo hapo kwamba umeusoma utenzi wenyewe.